Neno la Pumzi ya Kwanza

Wakubwa ndio walioamua kwamba ndege zipimwe kwa mdomo wa abiria. Sisi hatukuulizwa. Tuliona tu siku moja mlango mpya umewekwa pale uwanjani Kalundi, wa kioo, mwembamba, unapitisha mtu mmoja mmoja, na ndani yake sauti ya mwanamke ambaye hayupo.

Ukishuka kwenye ndege unapita hapo. Sauti inakuuliza, "Habari za safari?" Unajibu. Kioo kinafunguka, unatoka, umemaliza. Jibu lako linakwenda Dodoma kwenye mtambo waitao Mizani, nao unaliweka kwenye sahani tatu: usalama, starehe, huduma. Kila shirika la ndege lina sahani zake. Asubuhi ubao wa uwanjani unaonyesha nani wa kwanza na nani wa mwisho, na aliye wa kwanza ndiye anayepewa njia. Tiketi huchagui tena. Unasema unakokwenda, Mizani inakupangia shirika lililo bora. Ndivyo walivyosema, bora.

Kalundi tulipangiwa Mbayuwayu. Lilikuwa shirika la kwanza tangu mlango uwekwe, na halikuwahi kushuka. La mwisho lilikuwa Korongo. Mimi niliwahi kupanda Korongo kabla ya mambo haya, nikienda kumzika kaka yangu. Viti vipana, goti haligusi kitu. Chai ya moto inaletwa na mtu mwenye mikono. Kabla ya kuruka, fundi mwenye ovaroli anaizunguka ndege akiigongagonga kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayechagua tikitimaji. Ndege ya Mbayuwayu haina mtu. Rubani hayupo, mhudumu hayupo, wa kuizunguka hayupo. Kiti chenyewe ndicho kinachokuambia funga mkanda, na ukikiuliza jambo lingine kinakuambia funga mkanda.

Mtu mwenye akili zake angeuliza imekuwaje hii ikawa ya kwanza na ile ikawa ya mwisho. Mimi sikuuliza. Nilikuwa nafyatua tofali zangu. Nilianza kuuliza siku aliyorudi Gaudensia.

Gaudensia, mke wangu, alikwenda Dodoma kwenye nadhiri za mpwa wake aliyeingia utawa. Siku ya kurudi nilimngojea nje ya ule mlango wa kioo, mahali unapoona na unaposikia. Wa kwanza kutoka alikuwa mwalimu mmoja, suruali yake imelowa mbele. Sauti ikamuuliza habari za safari. Akasema, "Nzuri." Akafuata mama mwenye mtoto mgongoni, kiatu kimoja mguuni. "Tunashukuru Mungu." Akafuata Gaudensia. Alikuwa amekumbatia mche wa parachichi alioununua huko, lakini mfuko wake ulikuwa umepasuka na udongo umemjaa kifuani, hata kwenye kope. Kitambaa cha kichwa hakikuwapo. Chini ya sikio kulikuwa na damu iliyokauka.

"Habari za safari, mama?"

"Salama," akasema Gaudensia.

Kioo kikafunguka.

Nikampokea, nikamkalisha kwenye benchi, nikamletea maji. Akanywa nusu, akafuta mdomo. Ndipo aliposema, "Ila, baba Noela, sisi tulikuwa tumekufa."

Alisimulia bila kupandisha sauti. Juu ya milima walisikia mlio kama gunia linachanika. Hewa ikatoka ndani, masikio yakauma kama yanatobolewa na msumari. Maski za hewa zikaanguka upande mmoja, upande wa pili hazikuanguka. Ndege ikashuka kama jiwe, halafu kama vile ikakumbuka kuwa yenyewe ni ndege. Kiti kikasema funga mkanda. Watu wakasali kila mtu kwa lugha aliyozaliwa nayo. Yeye aliukumbatia mche kwa sababu hapakuwa na kitu kingine cha kushika.

Jioni hiyo kichwa kikaanza kumuuma. Kulipokucha nilikuwa mjane. Daktari aliandika presha. Nikamuuliza presha ipi, yake au ya ndege. Akasema, mzee, pole sana.

Nilipokwenda uwanjani kuuliza nani wa kuulizwa, sikumkuta mtu, niliukuta ubao. Mbayuwayu, wa kwanza. Sahani ya usalama ilikuwa imepanda.

*

Mtu wa Baraza la Mizani alikuja wakati nachoma tanuri, mwaka wa msiba unaelekea kutimia. Mwanamke wa makamo, ana miwani, viatu vyake vimejaa vumbi letu jekundu, maana alitembea kwa miguu kutoka uwanjani. Gari lingempitisha wapi? Barabara ya Kalundi ilikufa mwaka zilipokuja ndege. Wakubwa walisema ndege ndiyo barabara, na daraja lilipochukuliwa na maji hakuna aliyelirudisha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Habari za utokako?"

"Nzuri. Za hapa?"

"Nzuri. Karibu."

Nikampa kigoda, nikampa maji. Akanywa. Mimi nikakaa juu ya tofali zilizopasuka.

"Ila hapa tulipata msiba," nikasema. "Mke wangu. Nadhani ndicho kilichokuleta."

Alikitoa kikombe mdomoni taratibu. "Umeniambia nzuri."

"Ulikuwa umesimama."

"Sijakuelewa, baba."

"Ulikuwa umesimama, na koo kavu. Mtu hapewi msiba akiwa amesimama, anaweza kuanguka. Kwani kwenu mgeni anapewa msiba mlangoni?"

Akafikiri. Alitoka Kamachumu, akaniambia, na jina lake Adventina Kokushubira. Bibi yake alikuwa na tabia hiyo hiyo. Ukienda kumsalimu atakwambia ni wazima, atakuuliza mvua, atakupa ndizi ule, ukishashiba ndipo utasikia kwamba nyumba ya nyuma iliungua jana. Alitaka kucheka, akakumbuka yuko wapi.

"Basi hilo ndilo nililolifuata kutoka Dodoma," akasema. "Wewe umelisema kwa dakika moja, mimi nimeliandikia ripoti wasiyoisoma."

Akaanza kunieleza, na nitaeleza kama nilivyomwelewa, maana mimi shule niliishia darasa la saba.

Zamani vipimo vilikuwa ndani ya viti. Kiti kilisikiliza moyo wa abiria, kikapima jasho lake, kikasema huyu ana hofu, huyu hana. Mashirika yakagundua mbinu. Yakapuliza ndani ya ndege hewa ya kutuliza, yenye harufu kama ya maua, mioyo yote ikapiga taratibu hata mbawa zikitetemeka. Wakubwa walipokamata ujanja huo wakasema basi, tusipime mwili, mwili unalevywa. Tupime neno. Tena neno la pumzi ya kwanza, lile mtu analolitoa kabla hajapata nafasi ya kulitengeneza, kwa sababu wataalamu walishaonyesha kwamba ukweli huwahi na uongo huchelewa. Likishatoka hilo moja, mlango unafunguka. Yanayofuata hayasikilizwi.

"Wataalamu wa wapi hao?" nikamuuliza.

"Wa mbali."

"Ambako ukweli huwahi."

"Ndiyo, baba. Halafu walioifundisha Mizani Kiswahili wakachukua kamusi. Salama ikapelekwa sahani ya usalama, kwa kuwa ni shina moja. Nzuri ikapelekwa starehe. Tunashukuru ikapelekwa huduma."

"Hata ukimshukuru Mungu?"

"Mizani haiulizi unamshukuru nani."

Nilichochea moto. Halafu nikamuuliza kuhusu Korongo.

"Korongo inaruka kwenda nchi za watu wanaojibu wanachoulizwa," akasema. "Mtu wa huko ukimuuliza habari za safari, anakwambia kiti kiliniumiza mgongo, chai ilichelewa, mtoto wa jirani alilia. Ndiyo imekuwa ya mwisho. Imeangushwa na chai."

"Na wangapi wamekufa humo?"

"Hakuna."

"Basi anayelalamikia chai anaishi, na anayeamkia vizuri anakufa."

Akaniambia kilichomleta. Baraza halina ruhusa ya kusema kwamba abiria hakumaanisha alichosema. Neno la abiria ni sheria. Abiria mwenyewe anaweza kulifuta, lakini siku za kulifuta ni chache, na wote waliopanda na Gaudensia wameziacha zikapita. Neno la aliyekufa ni mali ya mrithi mpaka mwaka wa msiba utimie. Kwa hiyo katika ndege nzima ile limebaki neno moja tu linaloweza kuguswa, nalo ni la kwangu.

"Nifanye nini?"

"Uje uwanjani usimame mlangoni. Mlango utakuuliza badala ya marehemu. Wewe useme, neno lake halikuwa la kweli. Hapo safari ile inafunguliwa, na ndege zote za Mbayuwayu zinasimama mpaka zikaguliwe."

"Niseme mke wangu alikuwa mwongo."

"Ndivyo sheria ilivyoandikwa. Haikusudii ubaya."

"Na Kalundi tutaletewa ndege gani?"

Akavua miwani, akaifuta vumbi kwa pindo la blauzi. "Korongo haiwezi kupewa njia ikiwa ya mwisho. Itabidi Baraza likae."

"Baraza lenu likishakaa huwa linasimama lini?"

Akaivaa tena miwani, hakunitungia siku. Alikuwa mtu mkweli. Nadhani ndiyo sababu walimwacha aje kwa miguu.

*

Kutoka kwangu hadi kwa Kizito ni kuvuka mtaro. Kizito ni fundi cherehani, tumekua pamoja, tumeoa mwaka mmoja. Figo zake zilikufa zote mbili, na kila wiki anapanda Mbayuwayu mara mbili kwenda Dodoma kusafishwa damu. Asiposafishwa anavimba. Akikaa zaidi ya hapo anakufa, na hilo halihitaji daktari kuandika, kila mtu hapa analijua.

Nilimkuta kibarazani, miguu yake ndani ya beseni.

"Mfyatua matope," akasema. "Leo umenawa. Kuna nini?"

"Mshona viraka. Naona unaloweka ngozi upate kuishona."

"Ingekuwa inashoneka ningeshaipunguza. Habari za leo?"

"Nzuri."

"Haya. Kaa basi unipe zenyewe."

Nikakaa, nikampa zenyewe. Mkewe Perpetua alikuwa ameniletea chai, na nilipofika mahali pa ndege zote kusimama alikuwa bado ameishika. Akaiweka mezani, upande wa mumewe.

Kizito alichezesha vidole vya miguu majini.

"Ile ndege naijua kuliko wewe," akasema mwishowe. "Maski zimeshaniangukia. Siku nyingine iligusa ardhi ikaruka tena kama panzi, ikatua mara ya pili. Mlangoni nikaulizwa, nikasema salama."

"Kwa nini, Kizito? Wewe huogopi kusema."

"Kwa sababu nilikuwa nimefika. Mtu aliyefika atasema nini tena?"

"Atasema kilichotokea."

"Kwa kioo? Kioo kitanisaidia nini? Kilichotokea nilikuja nikakwambia wewe, hapo hapo ulipokaa. Ukacheka."

Ni kweli nilicheka. Alikuwa amekisimulia kwa kuchekesha.

"Inaweza kukuua," nikasema.

"Inaweza. Na isipokuwapo hakuna tena inaweza, nakufa moja kwa moja. Mimi siombi ndege nzuri, bwana. Naomba ndege."

"Hupandi peke yako. Wanapanda watu wengi."

"Nitajie."

"Nikutajie nani?"

"Hao wengi. Nitajie mmoja kwa jina. Mimi jina langu unalijua."

Niliwaza yule mwalimu wa suruali iliyolowa, nikagundua hata yeye simjui jina.

Perpetua akasema, "Shemeji, huyo mama aliyekutuma, yeye anarudi Dodoma na nini?"

"Na ndege hiyo hiyo."

"Atakapofika ataulizwa habari za safari?"

"Ataulizwa."

"Atasema nini?"

Kizito alitoa mguu mmoja kwenye beseni, akaubonyeza kwa kidole gumba. Shimo likabaki. Akalitazama kama fundi anavyotazama kitambaa kibaya.

"Wewe una maiti mmoja, Desderi," akasema. "Unaye tayari, na hujamaliza kumlilia. Usinifanye mimi kuwa wa pili ili upate kulia vizuri."

Nikainuka. Chai haikuguswa.

Nilipokuwa navuka mtaro niliwafikiria wakubwa. Nina hasira nao na sitaki mtu aniambie nisiwe nayo. Wana ufundi mmoja ambao hawakuusomea popote. Wanachukua jambo lao, wanaliweka katikati ya watu wawili wanaopendana, halafu wao wanaondoka. Barabara waliiua wao. Mlango waliuweka wao. Kamusi waliichukua wao. Kisha mwisho wa yote, anayepaswa kuchagua nani afe ni mfyatua tofali, na anayepaswa kumwangalia usoni ni fundi cherehani, na nyumba zao zimetenganishwa na mtaro wa maji machafu.

Wala sikuwa na hakika na nafsi yangu. Nilijiuliza kama nataka kuwaokoa wale wasio na majina, au nataka tu siku moja jina la Mbayuwayu litoke kwenye ule ubao nami nipo nalitazama. Yote mawili yana uso mmoja. Nilipofika kwangu niliumwagilia maji mche wa parachichi. Ulikuwa umeshika, lakini umepinda upande, kama vile bado unaona kuna mtu ameukumbatia.

*

Siku niliyokwenda ilikuwa siku ya Kizito kusafiri. Mimi sikuipanga, ilikuwa siku ya mwisho ya mwaka wa msiba na Adventina asingeweza kunisubiri zaidi. Nilimwona Kizito kwenye foleni ya wanaoondoka, amekalia begi lake, viatu amevifungua kamba. Akaniinulia nyusi. Nikamwinulia.

Adventina alikuja karibu yangu. "Tungoje washuke hawa wa Dodoma," akasema. "Mlango ukishamaliza nao nitakuingiza wewe."

"Nikikataa?"

"Ukikataa utakuwa umekataa, baba. Mimi sitakulaumu. Nimemwona rafiki yako."

Hapo ndipo nilipojua sijaamua. Nilikuja nikidhani miguu imeamua, kumbe ilikuwa inatembea tu.

Ndege ilikuwa imeshatua. Abiria wakaanza kupita kwenye kioo, mmoja mmoja. Habari za safari? "Nzuri." Habari za safari? "Tumefika, tunashukuru." Habari za safari, bwana? "Njema tu." Nilisimama pale pale niliposimama siku ile. Akaja msichana mrefu, mkoba begani, leso ameibana puani. Leso ilikuwa nyeupe na katikati ilikuwa nyekundu.

"Habari za safari, dada?"

Akaiondoa leso kidogo ili mdomo upate nafasi. "Salama kabisa," akasema, akairudisha.

Kioo kikafunguka. Mama yake alikuwa anamngoja. Akampokea mkoba, akamkalisha kwenye benchi, akamfungulia chupa ya maji. Nikasikia msichana akisema, "Ila, mama." Nikageuka. Kwenye benchi la pili mzee mmoja alikuwa anasema ila. Karibu na mlango wa kutokea, kijana ameketi juu ya sanduku lake, ameshika simu, anasema, mimi mzima, ila. Ukumbi wote ulikuwa umekaa chini ukisema ila, na maski za hewa zilikuwa ndani ya kila ila. Safari hii zilianguka upande ule mwingine.

Juu yao ubao ukabadilika kidogo. Sahani ya usalama ilipanda.

Huko nje kwenye lami ndege ilikuwa inajigeuza kuchukua wa kwenda. Niliitazama kwa muda mrefu. Hakuna mtu aliyeizunguka. Hakuna aliyeigonga kwa kidole. Foleni ya Kizito ikaanza kusimama, naye akainama kufunga kamba za viatu, na kwa sababu ya uvimbe alikuwa anazifunga taratibu.

"Niingize," nikamwambia Adventina.

Ndani ya kioo kuna baridi. Nilimwona Adventina upande wa pili akinisaidia kwa midomo, anayatamka maneno ya sheria bila sauti. Halikuwa la kweli. Halikuwa la kweli.

"Shikamoo, mzee," ikasema sauti. Wameifundisha hata adabu. "Wewe ni Desderi, mrithi wa Gaudensia. Habari za safari yake?"

Nitasema kilichotokea mdomoni mwangu. Nilikuwa nimekuja kwa ajili ya neno hilo, nilikuwa nimekaa nalo mwaka mzima, nililijua lilivyo na lilichofanya. Na lilikuja lenyewe. Sa ya salama ilikuwa imeshafika kwenye meno. Mtu akikuuliza habari unamjibu, ndivyo tulivyolelewa, huwezi kumwacha mtu na salamu yake mkononi kama mkono uliokataliwa. Niliing'ata. Nikabaki kimya mbele ya salamu kama mtu asiye na mama.

"Habari za safari yake, mzee?"

Adventina alitamka tena kwa midomo. Halikuwa la kweli. Lakini mimi nilikuwepo. Nilimwona mwanamke ametoka kwenye kifo, udongo kwenye kope, na alipoulizwa akamjibu muulizaji kwa heshima. Hakudanganya. Alikuwa bado hajaketi.

Basi nikaanza pale yeye alipoanzia alipopata benchi.

"Ila," nikasema.

Mlango haukufunguka. Neno hilo Mizani haikuwa na sahani yake. Si usalama, si starehe, si huduma. Ikabaki inangoja linalofuata, na kwa kuwa ilikuwa inangoja, ilikuwa inasikiliza.

Nikaieleza. Mlio wa gunia. Masikio. Maski za upande mmoja. Nikaieleza kiti kilivyosema funga mkanda. Nikaieleza mche, na damu chini ya sikio, na kichwa kilichouma jioni. Sikupaza sauti, nilisimulia kama Gaudensia alivyonisimulia, na mahali aliponyamaza nami nikanyamaza, na mlango ukangoja.

"Alikwambia salama kwa sababu ulimuuliza amesimama," nikamalizia.

"Nimesikia kwamba safari hii haikuwa na usalama," ikasema sauti. "Ni sawa?"

"Ni sawa."

"Asante, mzee."

Kioo kikafunguka. Ukumbini watu walikuwa wameinua vichwa. Kwenye ubao mstari wa juu ulikuwa mtupu, na mbele ya jina la Kalundi kulikuwa na maneno, njia inasubiri Baraza. Nilikuwa nimelingoja hilo mwaka mzima. Nililitazama na halikunipa kitu. Ulikuwa ubao tu.

Nje, ndege ilikuwa imezima. Watu wa foleni walianza kuulizana, halafu wakaanza kutawanyika wakiburuta mizigo yao, wengine wakinung'unika, mmoja akinitazama kwa jicho baya. Adventina akanijia na chupa ya maji mkononi, amekwisha kuifungua. Hakunisifu, nami nilimshukuru kwa hilo. Alinipa maji akasogea pembeni.

Kizito alikuwa anakuja. Anatembea kwa kutanua miguu, begi linaburuzika nyuma yake. Ubao alikuwa ameuona kama nilivyouona mimi, na kusoma anajua kuliko mimi. Akafika, akasimama mbele yangu akihema.

"Habari za humo ndani, Desderi?"

"Salama," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu, kama aliyepewa alichokitegemea. Nikampa ile chupa. Hakuruhusiwa maji mengi. Akalowesha midomo tu, akanirudishia. Kisha akaketi kwenye benchi, akalivuta begi katikati ya miguu, akanisogezea nafasi, akangoja nikae.